Ukinunua Wimbo, Umenunua Nini?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa ukutubi, Dar es Salaam.



Nimeombwa nizungumzie uhifadhi wa muziki. Nilipoupokea mwaliko huu nilikuwa na nia ya kusema juu ya vumbi, unyevu na panya, yaani maadui watatu ambao kila mtunzaji wa santuri katika mwambao wetu anawafahamu vizuri. Lakini baada ya kutafakari nimeona heri nimzungumzie adui wa nne, ambaye hatafuni karatasi wala haozeshi kanda, na ambaye kwa miaka kadhaa aliuzwa pamoja na mali, ndani ya mali yenyewe, kwa fedha ya mnunuzi mwenyewe. Nalizungumzia kufuli la siri lililotiwa ndani ya nyimbo zilizonunuliwa kwa halali.

Nalisisitiza neno hilo, halali. Sikuja hapa kumtetea mtu anayenakili kazi ya mwanamuziki na kuiuza kwenye meza ya barabarani. Mtu huyo anakula jasho la mwenzake, na sheria inamfahamu. Nimekuja kumzungumzia yule aliyetoa fedha mfukoni, akalipa bei aliyotajiwa, akapewa risiti, kisha akagundua kwamba alichokuwa nacho si mali yake.

Mwaka 2006 binti yangu alikuwa masomoni Uingereza. Kwa fedha za kujibana alinunua nyimbo thelathini na kitu katika duka moja la mtandaoni, akilipia kila wimbo, na risiti akazitunza. Aliporejea nyumbani alikuja na kompyuta yake, na jioni tukawa tunasikiliza pamoja. Mwaka 2009 kompyuta hiyo iliungua kwa umeme uliokuwa ukipanda na kushuka, jambo ambalo wakazi wa mji huu hawahitaji kuelezwa. Fundi akaiokoa diski yake na kuihamishia katika kompyuta nyingine. Kila kitu kilifunguka: picha, barua, hata tasnifu yake. Nyimbo zile hazikufunguka. Kila tulipobonyeza, kompyuta ilitujibu kwamba haina idhini ya kuzicheza, na kwamba idhini iombwe dukani. Duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Na katika diski hiyo hiyo zilikuwapo nyimbo alizonakiliwa na rafiki zake chuoni, ambazo hakuzilipia hata senti moja. Hizo zililia kama kawaida.

Naona mnacheka. Binti yangu hakucheka.

Hebu basi tuanze na swali la msingi. Mtu akinunua santuri, amenunua nini? Hakununua utunzi. Hana ruhusa ya kuchapisha santuri nyingine elfu moja na kuziuza. Lakini ile moja aliyoinunua ni yake. Anaweza kuipiga katika gramafoni yoyote, ya Mwingereza au ya Mjapani. Anaweza kumwazima jirani yake siku ya harusi, akaiuza akipungukiwa, akairithisha watoto, au akaikabidhi kwenu ninyi maktabani. Wengi wetu hapa tunazo santuri ambazo hatukuzinunua sisi, bali baba zetu au wajomba zetu. Na ni kwa njia hiyo, wala si kwa hisani ya makampuni yaliyozichapa, kwamba sauti nyingi za zamani za mwambao zimetufikia.

Jambo hilo si mazoea matupu. Huko Marekani lilikwenda hadi Mahakama Kuu ya nchi. Kampuni ya vitabu ya Bobbs-Merrill ilichapa ndani ya riwaya yake moja onyo kwamba ni marufuku kukiuza kitabu hicho chini ya dola moja. Wenye duka la Macy's wakakiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 mahakama ikaamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, mamlaka yake juu ya kuuzwa tena kwa nakala ile yamekoma. Kanuni hiyo ikaandikwa katika sheria mwaka 1909. Kwa hiyo, kwa karibu miaka mia moja, mnunuzi alijua mpaka wa mamlaka ya muuzaji ulipo: ulikuwa mlangoni mwa duka.

Halafu muziki ukageuzwa kuwa tarakimu. Sidii zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, zikitokana na kazi ya makampuni ya Philips na Sony, hazikuwa na kufuli lolote. Wakati huo haikuonekana haja, kwani kompyuta za nyumbani hazikuwa na uwezo wa kuusoma na kuuhifadhi mzigo mkubwa namna ile. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, pale wataalamu wa Ujerumani walipokamilisha namna ya kuubana muziki hadi faili moja iwe ndogo kiasi cha kupita katika waya wa simu. Mwezi Juni 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, akaanzisha programu ya Napster, na mamilioni ya watu wakaanza kubadilishana nyimbo bila malipo. Mahakama ziliifunga Napster mwaka 2001. Hofu iliyoingia katika makampuni ya santuri haikufungwa pamoja nayo.

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na ni wajibu wetu kuikiri. Mwanamuziki akirekodi wimbo amelipia studio, amelipia wapigaji, ametumia miezi ya maisha yake. Sisi Waafrika ya Mashariki tunao wanamuziki waliosikilizwa kutoka Kigoma hadi Mombasa na ambao hawakuwa na nauli ya basi. Anayesema muziki usilipiwe, amwambie hivyo fundi seremala juu ya meza yake. Hata hivyo, dawa iliyochaguliwa haikumnywesha mgonjwa. Ilimnywesha jirani yake aliyekuwa mzima.

Kabla ya kuieleza dawa yenyewe hapana budi niseme neno juu ya sheria, kwani bila sheria kufuli lile lisingedumu hata mwezi mmoja. Desemba 1996 mataifa yalikutana Geneva chini ya Shirika la Hakimiliki Duniani, yakapitisha mikataba iliyotaka kila nchi mwanachama izuie uvunjaji wa makufuli yanayolinda kazi za sanaa. Marekani ikaitekeleza kwa sheria ya Oktoba 1998, na Ulaya kwa agizo la mwaka 2001. Utazameni vizuri ugeni wa jambo hili. Sheria ya zamani ilikataza kuiba. Sheria mpya ya Marekani ilikataza kulifungua kufuli, na ikakataza pia kutengeneza na kusambaza zana ya kulifungulia, hata kama aliyefungua ni mwenye mali na hakuiba chochote, isipokuwa katika matukio machache yaliyotajwa. Ni kama mtu auziwe sanduku lililofungwa, kisha akishika bisibisi aambiwe kwamba kosa ni bisibisi.

Na bisibisi hiyo haikukatazwa mafundi wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2000 umoja wa makampuni ya muziki na ya vyombo vya elektroniki uliwaita wataalamu hadharani wajaribu kuzivunja alama za siri walizokusudia kuzitia katika muziki. Profesa Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake wakajaribu, wakafaulu. Walipotaka kusoma matokeo yao mbele ya mkutano wa wataalamu mwezi Aprili 2001 waliandikiwa barua iliyowatahadharisha juu ya sheria ile ya 1998, nao wakaiondoa makala yao. Waliisoma baadaye mwezi Agosti, baada ya kwenda mahakamani. Ninyi ambao kazi yenu ni maarifa, naomba mkumbuke kwamba sheria iliyokusudiwa kulinda nyimbo ilifika mahali pa kumnyamazisha profesa.

Kufuli mojawapo lililowafikia wanunuzi lilitiwa katika sidii. Kampuni zilijaribu kutengeneza sidii ambazo zingelia katika redio ya sebuleni lakini zikagoma katika kompyuta. Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Mwaka 2002 albamu moja ya Celine Dion iliyouzwa Ulaya iligoma katika kompyuta, na baadhi ya kompyuta za Apple zikaganda kwa sababu yake. Mwaka huo huo ikagunduliwa kwamba aina hiyo ya kufuli inaondoka kwa kupaka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa sahani. Kalamu ya shilingi chache! Kampuni ya Philips, ambayo ni mmoja wa wazazi wa sidii, ilitamka kwamba vitu vya namna hiyo havistahili kubeba nembo ya sidii. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa Princeton, Alex Halderman, akaeleza kwamba kufuli jingine jipya linashindwa iwapo mtu ataibonyeza ile tufe ya kuandikia herufi kubwa anapoitia sahani katika kompyuta. Kampuni iliyotengeneza kufuli hilo ikatangaza kwamba itamshitaki. Siku iliyofuata ikabadili nia, pengine baada ya mtu mwenye busara kuuliza ni hakimu gani atakayesikiliza kesi ya mtu kubonyeza tufe.

Kichekesho kilikwisha mwaka 2005. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo mtaalamu wa kompyuta, Mark Russinovich, aliandika kwamba ameikuta ndani ya kompyuta yake programu iliyojificha, ya aina inayotumiwa na wahalifu wanaotaka kuingia katika mashine za watu bila kuonekana. Alipoifuatilia aligundua kwamba haikuletwa na mhalifu. Ililetwa na sidii aliyoinunua dukani, iliyotolewa na Sony BMG. Sidii ile ikitiwa katika kompyuta ilipenyeza programu ya kusimamia unakili, kisha ikaificha kwa namna ambayo faili yoyote yenye jina lililoanza kwa alama fulani haikuonekana tena, hata na mwenye kompyuta. Mnaweza kukisia kilichofuata. Haikupita hata wiki mbili, watengenezaji wa virusi wakaanza kuviita virusi vyao kwa majina yenye alama hiyo, ili vijifiche nyuma ya pazia lililotundikwa na kampuni ya muziki.

Albamu 52 zilikuwa na programu ile. Sahani zaidi ya milioni mbili zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mmoja wa wakuu wa kampuni, alipoulizwa redioni, alijibu kwa maana ya kwamba watu wengi hata hawajui kitu hicho ni nini, basi kwa nini wakijali. Naomba nisitie maneno yangu hapo, jibu lenyewe linatosha. Katikati ya Novemba sahani hizo zikaanza kurejeshwa kutoka madukani. Jimbo la Texas likafungua mashitaka, na Januari 2007 kampuni ikakubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika walipojaribu kuing'oa.

Lakini mimi kilichonishangaza zaidi kuliko programu ile ni masharti yaliyoambatana nayo. Wanasheria wa shirika la Electronic Frontier Foundation waliyasoma, kazi ambayo wanunuzi hawakuifanya na wala haikutarajiwa waifanye. Waliona kwamba kwa mujibu wa masharti yale, mtu akiibiwa sahani nyumbani kwake alipaswa kuzifuta nyimbo katika kompyuta yake. Akifilisika, azifute. Akihama nchi, azifute. Fikirini Mswahili aliyenunua muziki Chicago au London, na ambaye kwa hakika siku moja atarudi kwao. Santuri ya baba yangu ilivuka bahari ndani ya sanduku la nguo bila kuulizwa pasipoti.

Sasa niingie katika maduka ya mtandaoni, ambako kufuli lilikuwa la ufundi zaidi. Tarehe 28 Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la nyimbo nchini Marekani, likiwa na nyimbo 200,000, kila mmoja kwa senti 99. Wiki ya kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Mafanikio hayo yaliwaaibisha waliosema kwamba watu waliozoea vya bure hawatalipa tena kamwe. Watu walikuwa tayari kulipa. Walichokuwa wakikosa ni duka.

Utaratibu wa kufuli ulikuwa hivi. Wimbo ulifumbwa kwa hesabu za siri hata ukawa kelele tupu kwa asiyekuwa na ufunguo. Ufunguo ulitolewa na mitambo ya duka, nao ulifanya kazi katika kompyuta zilizoandikishwa kwa jina la mnunuzi tu, kwanza tatu, baadaye tano. Vichezeo vya mkononi vya Apple vilifunguka. Vya kampuni nyingine havikufunguka. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa na kufuli lake, likatumiwa na maduka mengine mengi na vichezeo vya viwanda mbalimbali, lakini nyimbo hizo hazikulia katika iPod. Ikawa mtu akinunua nyimbo mia katika duka moja amejifunga kununua kichezeo cha duka hilo maisha yake yote, la sivyo azitupe na kuanza upya. Kufuli lililoelezwa kuwa ni la kumzuia mwizi likawa kwa hakika ni kamba ya kumfungia mteja. Mwaka 2006 watetezi wa walaji nchini Norway walilalamika juu ya jambo hili, na Ufaransa ikalijadili katika sheria yake mpya ya mwaka huo. Na kama mtu alidhani kwamba kampuni itawaheshimu angalau wateja wake yenyewe, Novemba 2006 Microsoft ilitoa kichezeo chake, Zune, ambacho hakikuweza kuzicheza nyimbo zilizofungwa kwa kufuli la zamani la Microsoft hiyo hiyo.

Palikuwapo na upenyo. Duka la Apple lilimruhusu mnunuzi kuzihamishia nyimbo katika sidii tupu, na sidii hiyo haikuwa na kufuli. Aliyejua hivyo aliweza kuzinakili tena kutoka katika sidii hadi kwenye kompyuta, zikiwa huru, ingawa sauti ilipungua ubora kidogo. Kwa maneno mengine, aliyelidhamiria kufuli alikuwa na mlango wa nyuma, na anayezuiwa kweli kweli alikuwa mama mzee aliyenunua wimbo mmoja wa kumkumbuka marehemu mume wake na asiyejua habari za milango ya nyuma.

Sasa tuje kwenye msiba wa binti yangu, ambao nimekwisha kujua kwamba haukuwa wake peke yake. Kufuli la namna hii lina tabia moja ambayo kufuli la mlango halina: ufunguo wake unakaa kwa muuzaji. Muuzaji akizima mitambo yake, mali ya mnunuzi inazimika polepole. Haifi siku hiyo. Inaendelea kulia katika kompyuta ile ile, hadi siku kompyuta itakapoharibika, na sote tunajua kwamba kompyuta huharibika.

Mwaka 2008 ndio uliofundisha somo hilo. Mwezi Aprili Microsoft iliwaandikia wateja wa duka lake la MSN Music, lililokuwa limekwisha kuacha kuuza, kwamba baada ya tarehe 31 Agosti haitatoa tena funguo. Kelele zikawa kubwa, kampuni ikasogeza mwisho hadi mwishoni mwa mwaka 2011. Mwezi Julai Yahoo ikatangaza kwamba mitambo ya duka lake itazimwa tarehe 30 Septemba. Nayo baada ya kelele ikaahidi kuwafidia wateja. Mwezi Septemba duka la Walmart likatoa tangazo la namna hiyo hiyo, kisha baadaye likarudi nyuma. Makampuni matatu yenye nguvu kuliko serikali nyingi, katika mwaka mmoja, yalifika mahali pa kuwaambia watu waliolipa kwamba wajinakilie nyimbo zao katika sidii mapema kabla hazijakufa. Yaani wateja walishauriwa na muuzaji kufanya kile kile ambacho kufuli liliwekwa kukizuia.

Wakati huo ngome ilikuwa imekwisha kuanza kubomoka, na aliyepiga jiwe la kwanza alitoka ndani. Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alichapisha barua juu ya muziki. Alieleza kwamba makufuli yalitakiwa na makampuni manne makubwa ya muziki, yaani Universal, Sony BMG, Warner na EMI, na kwamba Apple ingeyaacha kwa furaha kama yangekubali. Alitoa hesabu. Hadi mwisho wa 2006 zilikuwa zimeuzwa iPod milioni 90 na nyimbo bilioni mbili, maana yake nyimbo 22 kwa kila iPod, wakati kichezeo kimoja kina nafasi ya nyimbo elfu moja. Zaidi ya asilimia 97 ya muziki uliokuwamo haukuwa na kufuli. Na mwaka ule wa 2006 makampuni yale yale yaliyodai kufuli mtandaoni yaliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 katika sidii zisizo na kufuli lolote. Ni kama mwenye nyumba aliyetia komeo la chuma dirishani na kuuacha mlango wazi. Wapo waliosema kwamba Jobs aliandika hivyo kwa sababu Norway na wengineo walikuwa wakimbana. Inawezekana. Hesabu zake zilikuwa sahihi hata hivyo.

Tarehe 2 Aprili 2007 EMI ikatangaza kuuza nyimbo bila kufuli, kwa dola 1.29 badala ya senti 99, na kwa sauti bora zaidi. Septemba mwaka huo Amazon ikafungua duka lisilo na kufuli hata kwa wimbo mmoja, na mwanzoni mwa 2008 makampuni yote manne yakawa yanauza humo. Tarehe 6 Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zake zote, zipatazo milioni kumi, zitafunguliwa kabla ya robo ya kwanza ya mwaka kwisha. Dunia haikuanguka. Mtafiti Laurina Zhang, aliyelinganisha mauzo ya kabla na ya baada, aliona kwamba kuondoa kufuli kuliongeza mauzo ya muziki wa mtandaoni kwa takriban asilimia 10, na kwamba waliofaidika zaidi ni wenye albamu zisizouza sana, sio vigogo.

Lakini yule aliyenunua zamani, akalipa senti 99 zake tangu 2003, na akataka wimbo wake ufunguliwe? Alitakiwa aongeze senti 30 kwa kila wimbo. Mwenye nyimbo mia tano atoe dola 150. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara nashindwa kulipatia jina jingine isipokuwa kikombozi, malipo ya kuikomboa mali ambayo ulikwisha kuinunua.

Ndugu Mwenyekiti, ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo, wakisema kwamba habari ya makufuli ya muziki ilikwisha 2009. Haikwisha. Ilihama.

Kwanza, hata wimbo usio na kufuli bado haukuwa santuri machoni pa sheria. Kampuni moja ya Marekani, ReDigi, ilijaribu kuanzisha soko la mitumba ya nyimbo za mtandaoni: anayeuza anafutiwa nakala yake, anayenunua anapewa. Kampuni ya Capitol Records ikaishitaki. Ikashinda mwaka 2013, ikashinda tena katika rufani Desemba 2018. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba faili haihami kama kitabu. Kila inapokwenda inazaa nakala mpya, na kuzaa nakala ni haki ya mwenye kazi. Kanuni ile ya 1908 ikasimama mlangoni mwa kompyuta, isiingie.

Pili, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, mtindo wa kununua wimbo umekuwa ukipotea na nafasi yake kushikwa na ukodishaji. Spotify ilitangaza kuja katika nchi zetu, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo, mwezi Februari 2021. Vijana wameupokea mpango huu, na sikatai kwamba una manufaa. Kwa malipo ya mwezi mtu anasikiliza mamilioni ya nyimbo, na ukodishaji unaotajwa kuwa ni ukodishaji haumdanganyi mtu. Lakini nyimbo alizozihifadhi katika simu zimefungwa kwa kufuli. Simu lazima iunganishwe na mtandao angalau mara moja katika siku 30, la sivyo zinanyamaza. Akiacha kulipa, zinanyamaza. Mkataba kati ya kampuni na mwenye wimbo ukivunjika, wimbo unatoweka usiku, na asubuhi hakuna wa kumuuliza.

Ndipo ninaporudi kwenu, wakutubi. Santuri ilipokuwa kitu, ninyi mlihitaji rafu, kitambaa na subira. Wimbo unaotolewa leo kwa kukodishwa tu hauwezi kuwekwa rafuni. Hakuna mjane atakayekuja na kikapu cha nyimbo za marehemu kuwakabidhi, kwa sababu marehemu hakuacha nyimbo, aliacha neno la siri na ada ya mwezi isiyolipwa. Mwanamuziki wa Tanga au wa Bujumbura ambaye kazi yake yote iko katika mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo, atahifadhiwa kwa muda ambao kampuni hiyo itaona inapata faida kumhifadhi.

Ninayo mapendekezo mawili tu. La kwanza, maktaba ziwaombe wanamuziki wetu wenyewe nakala isiyo na kufuli, siku wimbo unapotolewa, pamoja na barua inayoruhusu kuinakili kwa ajili ya kuihifadhi. Wengi watakubali wakiombwa kwa adabu na wakihakikishiwa kwamba haitauzwa. La pili linahusu wale wanaotunga na kurekebisha sheria za hakimiliki. Wanapoandika kifungu cha kukataza kuvunja kufuli, waandike papo hapo, bila kungoja marekebisho ya baadaye, kwamba mkutubi anayelifungua ili kuhifadhi, na mnunuzi anayelifungua ili kusikiliza alichokilipia, hawakutenda kosa.

Diski ya binti yangu ninayo hadi leo. Nimekuja nayo, imo katika mfuko huu. Fundi mmoja aliniambia kwamba kufuli la aina hiyo lina programu za kulifungulia, na kwamba ni kazi ya dakika kumi. Nilimuuliza kama ni halali. Akanitazama, akaniuliza mimi: si ulisema mlizinunua?

Nitaiacha kwa mwalimu wenu, muiandikie kadi.